Heshima Kazini: Sheria Ilimlinda Nani?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wenzangu mnaopenda kunisoma gazetini kuliko kunisikia redioni, juma hili nataka tuzungumze habari ya heshima kazini. Sisemi heshima ya kuamkiana asubuhi au kumpisha mkubwa mlangoni. Nasema ile heshima ambayo mtu akivunjiwa anaweza kwenda mbele ya sheria akasema nimevunjiwa, na sheria ikamsikiliza.

Nimesukumwa na barua ya msikilizaji mmoja, mama anayefanya kazi katika kiwanda kilichoko kando ya Barabara ya Pugu, ile ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Nyerere. Kiwanda sitakitaja. Anaandika kwamba msimamizi wa zamu amezoea kuwapapasa wanawake mabega na kuwaambia maneno ya chumbani mbele ya watu, na aliyelalamika aliambiwa kwamba kiwanda si mahakama. Mwisho wa barua ananiuliza: sheria ya kuzuia mambo haya ipo? Na kama ipo, ilianza lini? Maana mama yake mzazi, aliyefanya kazi ya nguo miaka ya 70, anamwambia kwamba enzi zao haikuwepo.

Mama yake amesema nusu ya kweli. Sheria ya matusi kazini ilikuwepo tangu zamani sana. Tatizo ni kwamba ilikuwa imegeuzwa upande mmoja, ikimtazama mfanyakazi tu.

Tuanze na Wajerumani. Wazee wetu wametuachia maneno "hamsa wa ishirini", na watoto wa leo wanayasikia kama hadithi. Hayakuwa hadithi. Mwezi Aprili mwaka 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa amri juu ya adhabu za wenyeji katika makoloni yake ya Afrika, na katika amri hiyo viboko 25 viliwekwa kuwa kipimo cha juu kwa mkupuo mmoja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba amri hiyo hiyo ilimpa mwajiri nafasi ya kumpeleka mtumishi wake kwa mtawala ili achapwe, kwa makosa kama uvivu, ukaidi au kutoroka kazi. Yaani ugomvi wa kazi, ambao leo ungepelekwa kwa msuluhishi, ulimalizwa kwa ngozi ya kiboko. Mtumishi hakuwa na mahali pa kumpeleka bwana wake.

Waingereza walipokuja walikuwa na njia zao, za karatasi zaidi. Huko Kenya walikuwa na Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1910, na hapa Tanganyika wakatunga ya kwao mwaka 1923. Jina lenyewe linajieleza: bwana na mtumishi, na kwa sheria ya Tanganyika mtumishi aliyekusudiwa ni mwenyeji, mtu mweusi. Chini ya sheria za namna hii kukosa kufika kazini, kulewa, kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha, kulikuwa kosa la jinai. Mtu alifungwa jela kwa kuacha kazi! Na ile ya Kenya iliorodhesha kosa jingine ambalo kwa mazungumzo yetu ya leo ni la kutazamwa kwa makini: mtumishi kumtolea mwajiri wake, au msimamizi aliyewekwa na mwajiri, maneno ya matusi.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Watunga sheria wa mwaka 1910 walijua vizuri kabisa kwamba matusi kazini ni madhara, tena madhara makubwa kiasi cha kustahili mahakama. Walijua, wakaandika. Ila waliandika kwa ajili ya bwana. Yeye bwana alipomwita mzee mwenye wajukuu "boi", hapakuwa na kifungu. Neno hilo limekaa katika lugha yetu mpaka leo, likiwa na maana ya mtumishi wa nyumbani, na wengi wanalitamka bila kukumbuka kwamba asili yake ni "mvulana". Kadhalika "manamba" wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, watu walioitwa kwa namba zao kama magunia. Nadhani kamusi ya Kiswahili ni shahidi mzuri wa historia ya kazi kuliko majalada mengi ya serikali.

Ubaguzi wa mshahara nao haukuwa wa kificho. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye cheo na sifa sawa na Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Si nusu, si robo tatu. Tatu ya tano, kama kwamba mtu alipima ubongo kwa mizani ya dukani. Na hayo yaliandikwa mwaka mmoja tu baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, ambapo watu wapatao 15,000 waliweka chini zana na kuanzisha chama chao, African Workers Federation, chini ya Chege Kibachia, aliyekamatwa mwaka ule ule na kupelekwa kizuizini. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar. Serikali zilikuwa zimesikia kelele. Zikajibu kwa tatu ya tano.

Watumishi wa serikali Waafrika hawakuwa wamelala. Martin Kayamba alikuwa ameanzisha chama chao kule Tanga tangu mwaka 1922. Baadaye kilikuja chama cha TAGSA, ambacho kiliongozwa na Rashidi Kawawa, huyu huyu aliyecheza filamu ya Muhogo Mchungu na baadaye akawa Waziri Mkuu. Kelele za watu hawa zilichangia kufika kwa Tume ya Lidbury, ambayo mwaka 1954 ilipendekeza ngazi za mishahara kwa rangi zifutwe. Zikafutwa. Lakini wageni kutoka Ulaya wakaongezewa nyongeza ya kuwavutia waje huku, na mwisho wa mwezi bahasha hazikufanana vile vile. Nawaomba mkumbuke ujanja huu: kanuni inafutwa mlangoni na inarudi dirishani ikiwa imevaa jina jingine.

Mwaka 1955 Tanganyika ilipata Sheria ya Ajira mpya iliyochukua mahali pa ile ya mabwana na watumishi. Sitaikalia sana. Ilikuwa na mengi juu ya mikataba, malipo na kazi za watoto, na iliwazuia wanawake kufanya kazi viwandani usiku, kwa sababu iliwaona kama watu wa kuhifadhiwa. Kuwalinda na mtu wanayefanya naye kazi mchana haikukumbuka.

Sasa tunafika mahali ambapo wasikilizaji wengi, hasa vijana, hushangaa. Ubaguzi kazini haukwisha kwa kupandisha bendera, na mjadala mkali kuliko yote juu ya ubaguzi ulifanyika sisi kwa sisi. Tarehe 18 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Mwafrika, na watu wa asili nyingine wasubiri. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walikuwa wamekula tatu ya tano kwa miaka. Walitaka nafasi, na nafasi zilikuwa chache. Mwalimu Nyerere aliwaka. Aliwaambia kwamba uraia ukifungwa na rangi badala ya utii kwa nchi, ubaguzi hautaishia hapo. Utaendelea kutafuta wa kumbagua mpaka uivunje nchi. Akasema serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungekataliwa. Ukapita.

Hata hivyo katika utumishi wa serikali iliendelea ile sera ya kuwatanguliza Waafrika katika ajira na vyeo, na mimi naona palikuwa na haki ndani yake, maana huwezi kumfunga mtu miguu miaka 40 halafu ukamfungulia mwanzoni mwa mbio na kusema sasa mko sawa. Ila tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu alitoa waraka: sera hiyo imekwisha, kuanzia sasa raia wote wa Tanganyika watazamwe kwa tabia na uwezo tu, awe Mhindi, Mzungu au Mwafrika. Baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipinga waziwazi. Siku 13 baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito wakaasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Sisemi waraka ndio ulioleta maasi. Nasema tu kwamba swali la nani apate kazi gani kwa sababu ya rangi gani lilikuwa moto, na katika moto ule viongozi wengi wa vyama walikamatwa, na shirikisho lao, TFL, likavunjwa. Mahali pake kikawekwa chama kimoja kwa sheria, NUTA.

Mwaka huo huo wa 1964 ikaja Sheria ya Usalama wa Kazi. Wazee waliofanya kazi enzi hizo wanaikumbuka kwa mapenzi, nami nawaelewa. Mwajiri hakuweza tena kumwambia mtu "toka" na mtu akatoka. Palikuwa na kamati ya wafanyakazi, palikuwa na baraza la usuluhishi, na juu kabisa palikuwa na Waziri, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Mahakama za kawaida zilizuiwa kuingia. Lakini fungueni ile kanuni ya nidhamu iliyokuwa nyuma ya sheria hiyo. Mtaona orodha ndefu ya makosa pamoja na adhabu zake. Makosa ya nani? Ya mfanyakazi. Kuchelewa, kulewa, kukataa amri, na kadhalika. Serikali ilikuwa yetu, bendera ilikuwa yetu, na bado orodha ilikuwa inatazama upande ule ule wa mwaka 1923.

Orodha iligeuzwa mwaka 1971, tena haikugeuzwa na sheria. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Obote kule Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wake, na katika kifungu cha 15 ikaandikwa kwamba kiongozi wa Tanzania haruhusiwi kuwa na majivuno, dharau wala uonevu. Waandishi wake pengine waliwafikiria viongozi wa siasa. Wafanyakazi wa viwandani wakasoma wakamwona meneja wao. Kijitabu kile kilikuwa kidogo, kinaingia mfukoni mwa ovaroli, na kati ya mwaka 1971 na 1973 kifungu cha 15 kikawa maarufu kuliko sheria yoyote ya kazi iliyopata kutungwa hapa nchini. Watu waligoma kwa sababu ya lugha ya meneja. Walimzuia meneja utumishi getini wakisema, wewe unatudharau, Mwongozo umekataza. Katikati ya mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapa Dar es Salaam, walifika mahali pa kumtoa mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe.

Wanauchumi wa siku zile walikereka. Walisema mgomo wa mshahara unaeleweka, lakini mgomo wa matusi ni anasa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu ambaye baba yake aliitwa boi na babu yake alionja hamsa wa ishirini anajua dharau ina uzito gani, na anajua kwamba mshahara unaoambatana na tusi una kasoro ambayo haiandikwi kwenye hati ya malipo. Kwa bahati mbaya Mwongozo ulikuwa tamko la chama, haukuwa sheria. Wimbi lilipozidi, serikali ililizima, wapo waliofukuzwa kazi, na hakuna aliyeweza kwenda mahakamani akasema nimevunjiwa kifungu cha 15.

Sasa turudi kwa mama yake msikilizaji wetu. Katika miaka hiyo ya 70 wanawake walipata jambo moja kubwa, na linastahili kukumbukwa. Kabla ya mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa. Asiyeolewa alipoonekana tumbo, mwajiri alimhesabu kuwa na tabia mbaya. Marekebisho ya mwaka 1975 yalitoa likizo ya siku 84 kwa kila mwanamke aliyeajiriwa, ameolewa hakuolewa, mara moja kila baada ya miaka mitatu. Palikuwa na kelele nyingi, kwamba serikali inahimiza uhuni. Kelele zile zilinifundisha kwamba watu wengi hawakuwa wakimtazama mwanamke wa kiwandani kama mfanyakazi. Walimtazama kama binti wa mtu aliyepotea njia akaingia kiwandani.

Mimi mwenyewe nilianza kazi masjala, katika ofisi moja ambayo jina lake nitalihifadhi, katikati ya miaka ya 80. Palikuwa na mpiga chapa, dada hodari, mwenye mikono myepesi kuliko wote. Mkubwa alizoea kumbakiza jioni kwa "barua ya haraka". Siku moja dada huyo alikataa, akachukua mkoba wake akaenda kituo cha basi. Kabla juma mbili hazijapita nilipewa faili lake nilipeleke kwa tarishi. Ndani palikuwa na karatasi mpya moja: uhamisho, mkoa wa mbali, "kwa manufaa ya umma". Barua ilikuwa safi, haina kosa la sarufi wala la sheria. Na kwa kweli hata angetaka kulalamika, angeandika kosa gani? Jambo lenyewe halikuwa na jina. Tuliita "usumbufu", au "mambo ya bosi". Hata huko Marekani wanawake walilipa jina mwaka 1975 tu, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, ingawa sheria yao ya kukataza ubaguzi kazini ilikuwepo tangu 1964. Kitu kisicho na jina hakiwezi kuandikwa katika hati ya mashtaka.

Katiba yetu ya mwaka 1977 iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, baada ya serikali kujipa miaka mitatu ya kujitayarisha. Ibara ya 13 ilikataza ubaguzi, ya 22 ikataja haki ya kufanya kazi, ya 23 ujira wa haki. Vizuri sana. Ila ukisoma tafsiri ya neno "kubagua" katika ibara ya 13, ulikuta utaifa, kabila, pahala mtu alipotoka, maoni ya siasa, rangi, dini, hali ya maisha. Jinsia haikuwemo. Haikuwemo mpaka marekebisho ya mwaka 2000! Wenzetu wa Kenya walikuwa na pengo hilo hilo, wakaliziba mwaka 1997. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, hakusubiri. Mwaka 1990, katika kesi ya ardhi ya ukoo wa Kihaya, aliamua kwamba mila ya kumnyima mwanamke haki ya kuuza shamba ni ubaguzi, akaegemea Katiba na mkataba wa kimataifa ambao Tanzania ilikuwa imeuridhia mwaka 1985. Ilikuwa kesi ya shamba, si ya ofisi, lakini mawakili wa kazi waliisoma.

Mwaka huo huo wa 1990, mwezi Februari, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza pale Mlimani alijiua baada ya kuandamwa na kikundi cha wanafunzi wa kiume kilichokuwa kikibandika ukutani gazeti la kashfa liitwalo Punch. Nchi ilishtuka. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa tayari na jarida lake la Sauti ya Siti, na wanahabari wale wakashikilia jambo hili kwa miaka minane mfululizo, gazetini, redioni, kwenye warsha, na kwenye korido za Bunge. Nimewasikia wanaume wenzangu wakisema siku zile kwamba akina mama wa TAMWA wana kelele. Ni kweli walikuwa na kelele. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, iitwayo kwa kifupi SOSPA, na kwa mara ya kwanza sheria ya jinai ya Tanzania ikatambua kwamba mwenye mamlaka mahali pa kazi anayemtaka mfanyakazi kimapenzi bila ridhaa yake, kwa maneno au kwa vitendo, anatenda kosa, na anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Jinai hata hivyo ina ugumu wake. Lazima uende polisi, lazima kosa lithibitike pasipo shaka, na mambo haya hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia mikataba namba 100 na 111 ya Shirika la Kazi Duniani, juu ya ujira sawa na ubaguzi kazini, na mwaka 2004 ikatunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2005. Hapa ndipo ninapomjibu msikilizaji wangu: kifungu cha 7.

Kifungu hicho kinakataza ubaguzi kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila, asili, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri, hali ya maisha. Halafu kinasema kwamba kumbughudhi mfanyakazi kwa sababu mojawapo ya hizo ni ubaguzi. Kinamlinda hata yule aliyekuja kuomba kazi tu na hajaipata. Maneno hayo ni mafupi lakini yamebeba miaka mingi, kwa sababu yanaunganisha mambo mawili ambayo sisi tuliyatenga: tusi la kabila, mkono begani, kejeli kwa mwenye kilema, minong'ono juu ya mwenye virusi, yote yanawekwa fungu moja na kukataliwa ajira. Anayekubughudhi anakufukuza kazi polepole.

Na kuna jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko lile la kwanza. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba kitendo chake kina sababu inayokubalika kisheria. Fikirini lile faili la masjala. Barua safi ya "manufaa ya umma" isingetosha. Mkubwa angeulizwa: manufaa gani, na kwa nini siku ya 10 baada ya dada kukataa kubaki jioni? Tangu mwaka 1896 mwenye kuulizwa maswali alikuwa mfanyakazi.

Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuzuia ubaguzi na kukuza nafasi sawa, na auandikishe kwa Kamishna wa Kazi. Muulizeni meneja utumishi wenu awaonyeshe. Mwaka 2007 sheria ya kuzuia rushwa nayo ikaongeza kosa la mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au haki ya mtu, jambo ambalo mitaani tulikwisha kuliita rushwa ya ngono. Mwaka 2010 sheria ya watu wenye ulemavu ikawataka waajiri wenye watu 20 au zaidi wawe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Na mwaka 2019, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 190, wa kwanza duniani kuhusu ukatili na bughudha kazini.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini basi msimamizi wa zamu bado anasema kiwanda si mahakama? Kwanza, kifungu cha 7 kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi mwenye kiwanda alikisoma yeye au wakili wake. Ni mwaka 2021 tu ilipoamuliwa kwa sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Pili, mzigo wa ushahidi hauhami mpaka uwe umeweka kitu mezani, na watu wetu hawaandiki. Mwongozo ulikaa mfukoni mwa ovaroli. Siku hizi mfukoni iwepo kalamu. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwa karibu. Ujumbe wa simu usifutwe kwa hasira.

Tatu, muda. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba moja, bila ada. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu aachishwe. Mwenye mgogoro wa namna nyingine, ukiwemo huu wa kubaguliwa au kubughudhiwa akiwa bado kazini, ana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Zikipita inabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu zake. Barua niliyopokea ina tarehe ya mwezi uliopita, na jambo analolieleza lilitokea siku chache kabla ya hapo. Siku zake bado zipo.